Lambo Kwanza, Ziwa Baadaye

Kutoka Segese kwenda mashariki hadi Shinyanga na Kwimba, nchi ni ya mabonde mapana yenye udongo mweusi. Masika mbuga hizo hunasa magari. Kiangazi hupasuka, na mitoni hubaki mchanga mtupu. Zamani watu na mifugo walijazana palipokuwa na maji, huku upande wa Geita ukiwa mapori yenye mbung'o.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa maendeleo wa Usukuma, makao yake Malya. Mapori yakafyekwa, malambo yakajengwa, ili watu na ng'ombe watawanyike. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: tuta la udongo likikinga bonde, mvua hujaza. Ila mbuga ni tambarare. Maji hutanda bila kina, jua huyanywa, na kwato hubomoa kingo hadi tope lishinde. Kichocho nacho kilipata maskani, maana konokono wake hupenda maji yaliyotuama, na watoto hupenda kuyaogelea.

Pamoja na hayo, watu walilifuata lambo. Walichokataa ni amri zilizoandamana nalo: punguza ng'ombe, lima matuta, weka samadi, ukikaidi utatozwa faini. Naona hapo ndipo wakoloni walipojiharibia, kwa kuwa waliwatwisha watemi, yaani machifu, kazi ya kuwasukuma watu wao wenyewe. Hivyo chama cha TANU kilichodai uhuru, ingawa kilizuiwa kufungua matawi Usukuma tangu 1954, hakikukosa wasikilizaji. Mwaka 1958 Geita ikachafuka; 1963 utemi ukafutwa nchi nzima.

Mashamba ya pamba yalizidi kula malisho. Ndiyo maana mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, ulirudia ngitili, malisho ya akiba ambayo Wasukuma walikuwa wakiyatenga tangu zamani bila kufundishwa na bwana shamba.

Na Ziwa Victoria? Mkataba wa 1929 kati ya Uingereza na Misri ulizuia kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile, mto utokao ziwani humo, bila ridhaa ya Cairo. Nyerere aliukataa 1962, lakini bomba la kuleta maji ya ziwa lilichelewa. Mgodi wa Bulyanhulu, jirani na Segese, ulifunguliwa 2001 ukitumia maji ya ziwa. Miji ya Kahama na Shinyanga ilisubiri hadi Mei 2009, Rais Kikwete alipozindua mradi wa Ihelele wa kuwaletea maji hayo. Ng'ombe bado wananyweshwa lamboni, kwa kuwa maji ya bomba yana bili.