Dawa kwa Saa

Wiki za mwisho za bibi yangu, aliyekuwa na saratani ya shingo ya kizazi, familia nzima ilijifunza kusikiliza. Sindano ya maumivu ilitolewa akilia. Asipolia, hakupewa. Muuguzi mmoja alituambia, kwa upole kabisa, kwamba tukimwahishia dawa ataizoea. Basi tukakaa pembeni ya kitanda tukingoja kilio, na bibi, aliyelelewa kwa neno "jikaze", akajikaza mpaka sura yake ikageuka.

Miaka mingi baadaye, nikisoma historia ya tiba katika shahada ya uzamili, niligundua kwamba jambo lililotushinda wodini lilikuwa limeshajibiwa London kabla sijazaliwa.

Cicely Saunders alikuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari. Akijitolea katika nyumba ya wagonjwa ya St Luke's, aliona wauguzi wakiwanywesha wagonjwa mofini kila baada ya saa chache, maumivu yawepo au yasiwepo. Hawakungoja kilio. Mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's, kusini mwa London, na kuufanya utaratibu huo kuwa kanuni.

Lakini kanuni ilihitaji ushahidi. Mwaka 1971 alijiunga naye daktari kijana, Robert Twycross, akiwa mtafiti. Wakati ule madaktari wengi wa Uingereza waliamini kwamba kwa mtu anayekufa heroini ni bora kuliko mofini. Waliichanganya na kokeini, pombe na sharubati, wakaiita mchanganyiko wa Brompton. Imani hiyo ilikuwa na hatari isiyoonekana kwa mtu aliyeko London: nchi nyingi duniani zilikuwa zimepiga marufuku heroini hata hospitalini. Kama kweli heroini ndiyo iliyohitajika, basi wagonjwa wa kwingineko hawakuwa na tumaini.

Twycross aliwagawa wagonjwa karibu 700 wa saratani. Wengine walianza na heroini, wengine mofini, kisha baada ya wiki mbili waliobaki wakabadilishiwa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1977, hayakuwa ya kushangilia: zikinywewa kwa mpangilio na kwa kipimo sahihi, dawa hizo mbili hazikuwa na tofauti kubwa. Alionyesha pia kwamba hofu ya dozi kupanda bila kikomo haikuwa na msingi.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilipita haraka. Tafiti nyingi husema "hakuna tofauti", na mtu husahau. Ila hapa kutokuwa na tofauti ndiko kulikofungua mlango. Mofini ya kunywa, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilitosha.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, na Twycross alikuwa miongoni mwa wataalamu waliousaidia. Ulitaka dawa itolewe kwa mdomo, kwa ngazi ya vidato vitatu kutoka dawa nyepesi hadi mofini, na kwa saa.

Mwongozo huo haukubaki Ulaya. Mwaka 1993 Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa amefanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi ili nguvu ya dawa ijulikane kwa macho, ukapelekwa majumbani katika chupa za plastiki. Na kwa kuwa madaktari ni wachache vijijini, mwaka 2004 sheria za Uganda ziliwaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe.

Ninamfikiria yule muuguzi wetu. Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Sasa naona alikuwa ametufundisha alichofundishwa, na huenda hata angejua zaidi, kabati lake halikuwa na chupa ya kumpa bibi.

Mama bado husema bibi alikuwa jasiri. Sijawahi kumbishia. Ila siku nilipomaliza kusoma utafiti ule nilihesabu kwa vidole: saa nne, saa nane, saa kumi na mbili. Ingekuwa rahisi hivyo. Tungetazama saa, na yeye angelala.