Ufuo wa Kisumu: Wakazi waulizwe kabla ya ramani kuchorwa

JIJI la Kisumu lilizaliwa na reli. Reli ya Uganda ilifika ukingoni mwa Ziwa Victoria mnamo Desemba 1901, na kituo hicho cha mwisho kikaitwa Port Florence. Tangu hapo, sehemu kubwa ya ardhi iliyo kati ya mitaa ya biashara na maji imekuwa mikononi mwa reli na bandari. Ndiyo maana kila mpango wa kuustawisha upya ufuo huo huzua swali lile lile: nani aulizwe maoni, na aulizwe lini?

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 115, inaufanya ushiriki huo kuwa wa lazima katika mipango ya kaunti. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 nayo inawapa wakazi nafasi ya kukutana katika mabaraza yao na kujadili mipango inayowahusu.

Hata wanaoishi katika ardhi ya umma bila hati hawakuachwa. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yanataka wapewe ilani ya angalau miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Mnamo Januari 2021, katika kesi ya chama cha Mitu-Bell cha Nairobi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba maskini wasio na ardhi waliojenga makazi katika ardhi ya umma hawapati umiliki wake, lakini wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa.

Hata hivyo, sheria haiwezi kupima uzito wa mashauriano. Mwaka wa 1969 mtaalamu wa Marekani, Sherry Arnstein, aliyalinganisha na ngazi yenye vipago vinane. Vya chini ni vya kuwatuliza watu tu. Vya katikati ni vya kuwaarifu na kuwasikiliza. Vya juu ndivyo vinavyowapa sauti katika uamuzi wenyewe. Baraza linaloitishwa baada ya michoro kukamilika haliwezi kupanda mbali katika ngazi hiyo.

Bandari na Lwang'ni

Mpango mkuu wa ustawi wa Kisumu, uliotayarishwa mwaka wa 2013 kwa msaada wa Ufaransa, ulipendekeza jiji ligeuze uso wake kuelekea ziwani na kuufungua ufuo kwa umma. Tatizo ni kwamba mpango ni wa jiji na kaunti, ilhali sehemu kubwa ya ardhi ni ya mashirika ya serikali ya kitaifa. Mkazi anaweza kusikilizwa vizuri na afisa wa kaunti, kisha uamuzi ukatolewa na ofisi nyingine ambayo haikuketi naye.

Hali hiyo ilidhihirika bandari ilipokuwa ikifufuliwa kuanzia mwaka wa 2019. Vibanda vya Lwang'ni, jina ambalo kwa Kijaluo maana yake ni nzi, vilikuwa katika ardhi ya reli. Kwa miaka mingi wageni na wenyeji walikwenda hapo kula samaki na ugali. Vilibomolewa, na riziki ya wapishi, wahudumu na wauza samaki ikavurugika. Februari 2021, huko Kibos, pambizoni mwa jiji, zaidi ya watu 3,000, wengi wao Wanubi, walifurushwa kutoka ardhi inayodaiwa na Shirika la Reli.

Dunga na Mukuru

Kusini mwa jiji, katika ufuo wa Dunga, mambo yalichukua mkondo tofauti. Wavuvi na wauza samaki wana chama cha usimamizi wa ufuo, aina ya vyama vilivyopewa msingi wa kisheria na kanuni za mwaka wa 2007. Watafiti wa vyuo vikuu vya humu nchini na vya Uswidi walipokuja kuandaa miradi ya utalii wa mazingira katika kinamasi cha mafunjo, walipata kundi lenye viongozi na kumbukumbu la kuzungumza nalo.

Nairobi nako, mtaa wa Mukuru ulipotangazwa kuwa eneo maalum la mipango mwaka wa 2017, kaya zaidi ya 100,000 zilipangwa katika makundi ya kaya kumi kumi, kila kundi likiwa na mwakilishi.

Faida ya kuwahusisha wenyeji mapema si ya haki pekee. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kukipita kidogo kiwango cha Mei 1964, yakafunika fuo na majengo. Wazee wa vijiji vya ufuoni walioyaona mafuriko ya miaka ya sitini wanajua maji yalifika wapi. Mchoraji ramani anayewauliza hupata mpaka wa kujengea bila gharama kubwa.

Kwa ufuo wa Kisumu, basi, hatua ya kwanza ni kuwahesabu na kuwaorodhesha wote wanaoutumia, wakiwemo wachuuzi, waosha magari na wavuvi wasio na hati. Ya pili ni kaunti, reli na bandari kuketi meza moja na wawakilishi wao kabla ya mkataba wowote wa ardhi kutiwa sahihi. Ya tatu ni kuonyesha kwa maandishi ni maoni yapi yaliyokubaliwa, yapi yaliyokataliwa, na kwa sababu gani.