Wahusika wa katuni waliotulea pande zote za mpaka

Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda. Marachi, Busia na Malaba zote zilikuwa ndani ya madai hayo, na wakazi wa mpakani wakaingiwa na hofu. Muongo huohuo, Waganda walioukimbia utawala wake walikuwa wakimiminika Kenya. Mganda mmoja aliyekuwa Nairobi siku hizo, James Tumusiime, aliwapa Wakenya mhusika waliyemfanya wao kabisa: Bogi Benda wa gazeti la Daily Nation. Kwa vituko vyake Bogi Benda alikuwa Mnairobi mtupu, lakini mkono uliomchora ulikuwa wa Mganda.

Sisi wa huku mpakani tuna sababu ya kuikumbuka historia hii. Wanasiasa walipokuwa wakigombania mistari kwenye ramani, wachoraji walikuwa wakiwaunganisha wasomaji wao.

Mkongwe wa wahusika hawa nchini Kenya ni Juha Kalulu, aliyebuniwa na Edward Gitau miaka ya 1950. Taifa Leo lilipoanza kutoka kila siku mwaka 1960, Juha alipata makao, na Gitau akaendelea kumchora kwa miongo mingi hadi uzeeni. Siri ya Juha ni wepesi wake. Fremu ni chache: ya kwanza inatega, ya katikati inavuta, ya mwisho inafyatua, na aliyenaswa kwa kawaida ni Juha mwenyewe. Aliyesoma madarasa mawili tu aliweza kuifuata hadithi kwa macho kabla ya kuyafikia maneno. Na maneno yenyewe yalikuwa Kiswahili. Mtoto wa Butula azungumzaye Kimarachi nyumbani na mwenzake wa Malaba azungumzaye Kiteso walikutana kwenye ukurasa mmoja, wakacheka kwa lugha moja. Wangapi walijizoeza kusoma Kiswahili hivyo, gazeti la jana likiwa limetandazwa kwenye benchi la kinyozi?

Miaka ya 1960 vijana walipata pia hadithi za picha za kupiga kwa kamera. Jarida la African Film lilimleta Lance Spearman, mpelelezi mtanashati aliyeigizwa na Jore Mkwanazi wa Afrika Kusini. Lilisomwa Afrika Magharibi, Kusini na Mashariki. Hapo kijana alimwona Mwafrika akishinda wahalifu kwa akili na ngumi, kazi ambayo katuni za kigeni zilimwachia Mzungu.

Mwaka 1973 mwandishi Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida la Joe. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa jijini, mwenye mshahara mdogo na matatizo makubwa, aliyechagua kucheka ili asilie. Jarida lilifungwa mwaka 1979, lakini Hirst, Mwingereza aliyehamia Kenya mwaka 1965, hakuweka kalamu chini. Miaka ya 1980 alichora mfululizo wa Pichadithi, ngano za Kenya zilizogeuzwa kuwa vitabu vya katuni.

Miongoni mwake kuna hadithi ya Lwanda Magere, shujaa wa Wajaluo, majirani zetu. Mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haukupenya. Adui walimpa binti yao awe mke, na binti akagundua kwamba uhai wa mumewe ulikuwa kwenye kivuli. Tazama jinsi hadithi hii inavyofaa kuchorwa. Simulizi ya mdomo hukitaja kivuli pale kinapohitajika tu. Kwenye picha, shujaa aliyesimama juani hawezi kukosa kivuli, na msomaji makini huona kifo kikimfuata miguuni kabla ya adui kukijua.

Tanzania nayo ilikuwa na wahusika wake. Chakubanga wa Christian Gregory alipata umaarufu kupitia gazeti la Uhuru, kisha jarida la Sani likawaleta Lodi Lofa na Ndumilakuwili wa Philip Ndunguru. Kutoka Dar es Salaam, Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, alihamia Nairobi mwaka 1992 na kuwa mchoraji wa Daily Nation. Kutoka Ghana alikuja Frank Odoi, aliyebuni Akokhan, shujaa mwenye nguvu za miujiza ya Kiafrika. Odoi alifariki katika ajali ya matatu Nairobi mwaka 2012.

Hata Superman wa Marekani ana damu ya wahamiaji. Joe Shuster, aliyemchora, alizaliwa Toronto, Kanada, na mwenzake Jerry Siegel alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Mwaka 1938 waliuza haki za mhusika huyo kwa dola 130. Jarida la Action Comics alimotokea mara ya kwanza liliuzwa senti 10, na mwaka 2024 nakala moja ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Nakala hiyo ipo kwa sababu kuna mtu aliitunza.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Gazeti lililobeba Juha Kalulu lilisomwa asubuhi, na jioni likafungiwa nyama au mandazi. Kazi ya miaka mingi ya mchoraji iliishia jalalani ukurasa baada ya ukurasa. Tumusiime mwenyewe alirudi Uganda, akashiriki kuanzisha New Vision mwaka 1986, akaunda kampuni ya Fountain Publishers, kisha kituo cha utamaduni cha Igongo karibu na Mbarara. Yeye ametunza utamaduni wa wengi. Nani atamtunzia Bogi Benda?

Hamu ya wasomaji haijafa. Shujaaz, katuni ya Sheng iliyoanza mwaka 2010 na kugawiwa bure, iliwafikia vijana kote Kenya na kushinda tuzo ya kimataifa ya Emmy mwaka 2012. Mtoto wa leo anapenda katuni kama babu yake alivyompenda Juha, ila hana pa kumpata Juha huyo.

Magazeti ya zamani bado yamo katika Nyaraka za Taifa na maktaba za vyombo vya habari. Wenye haki za kazi hizi na wachapishaji wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam wakae pamoja, wazikusanye katuni hizo mwaka baada ya mwaka, wazichape vitabu vya bei nafuu, na wachoraji au familia zao walipwe jasho lao. Kisha vitabu hivyo vifikishwe shuleni, Butula na Malaba, na ng'ambo ya pili ya mpaka, Tororo na Busia ya Uganda, maana watoto wa pande zote mbili ni warithi wa katuni hizo.