Njia ya Samaki na Njia ya Kura

Atakaye kuielewa siasa ya Nchelenge, na aifuate kwanza njia ya samaki. Tangu enzi za ukoloni, samaki wa Ziwa Mweru walipelekwa kwenye migodi ya shaba. Vijana nao walikwenda huko kutafuta kazi, wakarudi na fedha pamoja na fikra za siasa. Ndiyo maana mwaka 1991 mikoa ya Luapula na Copperbelt ilimkataa Kaunda kwa sauti moja, na mwaka 2011 yote miwili ikamchagua Sata. Lakini mwaka 2021 Copperbelt ilimpa Hichilema kura nyingi zaidi, hali Luapula ilibaki na Lungu. Kibemba husemwa pande zote mbili. Basi tusidai kwamba lugha pekee ndiyo inayompigia mwanakijiji kura.