Uyoga Kumi

Likizo iliyopita mjukuu wangu alikuja Bugarama na simu yenye mchezo, akanisihi niujaribu. Nilipewa paka mdogo mwenye kofia na upanga, macho makubwa kama ya mtoto mchanga. Kijiji chake kilipendeza mno; hata kuku walitembea kwa madaha. Mzee wa kijiji akaniagiza uyoga kumi. Nikampelekea. Akashukuru, akaagiza ishirini. Saa moja haijatimia nikamrudishia kijana simu yake.

"Babu, umeacha mapema! Utamu uko mbele."

Maneno hayo yalinichoma, maana miaka yangu yote ya ualimu nimewakemea watu kwa kuacha mapema. Nikaamua kuchunguza michezo hii, ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kukua naye, ilitoka wapi.

Chimbuko lake ni Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 kwa kuanzia. Hakukuwa na kompyuta. Watu walikaa mezani na karatasi, penseli na dadu, mmoja wao akiwa msimulizi. Ukitamka jambo la ajabu, msimulizi sharti akujibu papo hapo. Pointi za uzoefu, ambazo leo michezo mingi inazo, zilianzia pale, lakini zilikuwa chumvi tu. Chakula chenyewe kilikuwa mazungumzo.

Kompyuta ilipouchukua mchezo, ikaibeba chumvi na kumwacha msimulizi. Hata hivyo wapo waliojua kupika. Mwaka 1986 Yuji Horii wa Japani alitoa Dragon Quest, akitaka hata mtu asiye na vidole vyepesi aweze kushinda kwa uvumilivu. Michoro ilikuwa ya Akira Toriyama, aliyefariki mwaka 2024. Adui wa kwanza ni tone la buluu lenye tabasamu, zuri kuliko paka wangu. Kwa hiyo uzuri wa sura si kosa. Ila katika mchezo ule ukiuawa, mfalme anakufufua na nusu ya dhahabu yako imekwenda. Mtu wa Bugarama haelezwi mara mbili maana ya hilo! Paka wangu alianguka mara tatu, akainuka na kofia yake na sarafu zake zote.

Sisi Wasukuma tuna isolo, ndugu ya bao la Kiswahili. Katika bao, lenye mashimo 32 na kete 64, unaweza kuilinda nyumba yako jioni nzima, kisha mwenzako akaila kwa mkono mmoja huku akikucheka mbele ya wakwe zako. Sijapata kumwona mzee akiacha bao kwa kuchoshwa. Kwa hasira, naam.

Hapo ndipo nilipowakumbuka vijana wa Bulyanhulu. Dhahabu iligunduliwa huko, jirani yetu, katikati ya miaka ya 1970, na wachimbaji wadogo wakamiminika, hadi walipoondolewa Agosti 1996. Mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Katika miaka ya kumiminika huko nilikuwa nikifundisha shule ya msingi, na wavulana walitoroka darasani kwenda mashimoni. Niliwaita wavivu. Wavivu! Watoto waliokuwa wakishuka kwa kamba gizani, na kifusi kikining'inia juu ya vichwa vyao.

Mmoja nilimfuata hukohuko. Alikuwa hodari wa hesabu. Nilimwuliza amekosa nini shuleni. Akasema, "Mwalimu, huku nikikosa najua nimekosa." Nilimwona mjeuri, nikaondoka. Darasani kwangu alikuwa akinakili hesabu kumi, napiga vema. Kesho yake ishirini za namna ileile, napiga vema. Baadaye nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliwasimulia walimu wanafunzi kisa chake mara nyingi, kama mfano wa mtoto asiye na subira.

Juzi mjukuu alinipigia simu kwa furaha: paka amefika ngazi ya arobaini. Nikamwuliza mzee wa kijiji anataka nini siku hizi.

"Uyoga, Babu. Mia mbili."