Juzuu la Pili Halikuandikwa

Wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, wana swali moja ambalo wananiuliza mwaka wa kumi huu: "Dada, hiki unamchukulia mumeo?" Nikishika riwaya hawaniulizi. Nikishika kitabu cha mapishi ndiyo kabisa. Lakini nikichutama nikaibuka na kitabu chenye picha ya mzinga kwenye jalada, basi lazima kuwe na mwanaume mahali fulani. Zamani nilikuwa najieleza. Siku hizi nasema ndiyo, ni cha mume wangu, nipunguzie.

Cha kwanza nilikipata hivyo hivyo, kwa shilingi 4,000: Battle for the Bundu cha Charles Miller, kilichotoka mwaka 1974, pembeni kimeshaliwa na mchwa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi gazetini, nikataka kitu cha kusoma kwenye basi la kurudi nyumbani Morogoro. Tulipofika Chalinze nikakutana na jina la mji wetu. Tulipofika Mikese nikakutana na Uluguru, nikainua kichwa, na milima yenyewe ilikuwa pale dirishani upande wa kushoto, imevaa mawingu yake kama kawaida.

Mimi ni mtoto wa Bigwa, chini ya mlima kabisa. Shuleni tulifundishwa Vita Kuu ya Kwanza kama jambo la Ulaya: Sarajevo, kisha Versailles, kisha Tanganyika inakabidhiwa kwa Mwingereza kama mtu anayekabidhiwa funguo za nyumba. Hakuna aliyetuambia kwamba Agosti 1916 majeshi mawili yalipita mtaani kwetu.

Toka siku ile nimekuwa mkusanyaji. Rafu yangu ya vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika Mashariki imejaa na mimi bado nanunua, na ukiniuliza nimejifunza nini, jibu la kwanza ni kwamba wazungu waliopita hapa walikuwa na haraka sana ya kuandika. Francis Brett Young, daktari wa jeshi, alitoa Marching on Tanga mwaka 1917, vita vyenyewe havijaisha. (Jina linadanganya, safari ya kitabu inafuata mto Pangani. Lakini kwa Kiingereza kizuri hakuna anayemfikia.) Daktari mwingine, Robert Dolbey, akafuata mwaka 1918. Mwaka huo huo Jenerali Crowe, mkuu wa mizinga wa Smuts, akatoa chake. Deneys Reitz, Kaburu aliyewahi kupigana na Waingereza kisha akaja huku kupigana upande wao, ana Trekking On ya 1933. Meinertzhagen, afisa wa upelelezi, alichapisha shajara yake mwaka 1960, na hiyo naiweka peke yake mwisho wa rafu kwa sababu wachunguzi wameshaonyesha kwamba bwana yule alikuwa hodari wa kutunga mambo. Kila mkusanyaji anacho, na hakuna anayekiamini.

Na yuko Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1920 kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Mwaka huo huo akatoa na toleo la vijana wa kwao, akaliita Heia Safari! Neno la Kiswahili liko juu ya jalada. Ukifungua ndani, ni Kijerumani mwanzo hadi mwisho. Kile kijalada huwa kinanikera hadi leo.

Sasa nikueleze kilichotokea hapa, maana watu wengi wa Morogoro hawajui. Kufikia katikati ya Agosti 1916 Jenerali Smuts alikuwa ameteremka kutoka kaskazini na jeshi la Waingereza, Makaburu, Wahindi na Waafrika. Tarehe 17 walipigana Dakawa, kwenye mto Wami. Mpango wake ulikuwa kumbana Lettow mjini Morogoro, mgongo wake ukiwa umeegemea Uluguru. Akatuma wapanda farasi wazunguke magharibi hadi Mlali wazibe njia ile, wengine wabane upande wa mashariki. Tarehe 26 Agosti wakaingia mjini. Hawakukuta jeshi. Lettow alikuwa ameshapita, anaelekea Kisaki kusini ya milima. Baadaye Smuts mwenyewe alikiri katika taarifa yake kwamba hakujua kuna njia inayotoka Morogoro kwenda Kisaki moja kwa moja kupitia milimani.

Nilimsomea habari hii rafiki yangu mmoja, dereva wa Fuso anayepiga ruti ya Bigwa hadi Kisaki. Nilikuwa nimemfungulia ramani. Alifuata kwa kidole: Kiroka, Mkuyuni, Matombo, Mvuha, Duthumi, Kisaki. Kisha akapandisha kidole katikati ya milima, mahali ambapo ramani ina mistari ya mwinuko tu.

"Huku kote kuna njia za miguu," akasema. "Mama zetu wanashuka nazo na ndizi kila siku ya soko. Sasa huyu jenerali hakuuliza mtu?"

Nimesoma majenerali na maprofesa juu ya kampeni ile, na sijaona swali lililonikaa kama hilo. Alikuwa na ndege za upelelezi. Hakuuliza mtu.

Waliobaki walilipa. Brigedi mbili za wapanda farasi za Afrika Kusini zilifika Kisaki kwa njia tofauti bila kuwasiliana. Moja ikashambulia tarehe 7 Septemba ikarudishwa nyuma, nyingine ikaja tarehe 8 ikapata kipigo chake. Farasi walikuwa wakifa kwa mbung'o kiasi kwamba wapanda farasi wengi walishakuwa waenda kwa miguu.

Dereva huyu ni mmoja wa kundi letu. Kundi ni neno kubwa, tulikuwa wanne. Sijui kwa wengine, lakini kwetu mtu mwenye ugonjwa wa vitabu vya vita humtambua mwenzake haraka, kama wavuta ugoro. Wa kwanza nilimkuta akibishana bei sokoni, mwalimu mstaafu wa historia, koti hata kwenye joto la Februari. "Shikamoo Mwalimu," nikasema, maana ilionekana tu. "Marahaba, binti. Hicho ulichoshika kirudishe, ninacho, nitakuazima." Sheria yake ilikuwa kitabu kwa kitabu: ukichukua cha kwake unaacha cha kwako rehani. Kwa mtindo huo nilisoma maktaba yake yote, na yeye yangu.

Wa tatu ni Afande, sajini mstaafu wa JWTZ aliyekwenda Kagera. Huyu alikuwa anatuona wajinga. "Mnasoma vita vya wazungu," alikuwa akituambia, "wakati sisi tumeingia Kampala wenyewe Aprili 1979, na mashahidi bado wapo." Alinipa Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai, cha mwaka 1980, na kwa kweli kilinifumbua macho, si kwa vita tu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusoma kampeni nzima ya kijeshi kwa Kiswahili: vikosi, mito, mizinga, njaa, yote kwa lugha niliyoota nayo meno. Baadaye nikaongeza War in Uganda ya Tony Avirgan na Martha Honey, kisha nikarudi nyuma kwenye tenzi: wa Hemedi bin Abdallah juu ya kuja kwa Wajerumani pwani, wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, na Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert juu ya vita vya Hitler. Ukizipanga tenzi hizi kwenye rafu kwa mwaka wa vita, utaona pengo. Kuna 1888, kuna 1905, kuna 1939. Kwenye 1914 nimeweka kipande cha boksi kusimamia nafasi.

Wengine tuliwapata mbali. Mzee mmoja wa Afrika Kusini aliniandikia akitaka picha ya kaburi la ndugu wa babu yake, aliyezikwa kwenye makaburi ya Jumuiya ya Madola hapa mjini. Nikaenda Jumapili moja, nikafuta vumbi kwenye jiwe, nikapiga. Miezi miwili baadaye bahasha nzito ikafika posta: Military Operations: East Africa cha Kanali Charles Hordern, ile historia rasmi ya Waingereza ya mwaka 1941, chapa ya baadaye. Kwetu sisi hicho ndicho kitabu chenyewe. Ramani ambazo dereva alizisoma kwa kidole zimo humo.

Juu ya kitabu kile imeandikwa Juzuu la Kwanza. Linaanza Agosti 1914 na kuishia Septemba 1916. Juzuu la pili halikuchapishwa kamwe. Rasimu za sura zake zimebaki kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza. Yaani historia rasmi inatufikisha Kisaki, inafunga jalada, inaondoka. Lakini vita havikuondoka. Majeshi yalitazamana kwenye mto Mgeta hadi mvua za mwisho wa mwaka. Tarehe 4 Januari 1917 mwindaji maarufu Frederick Selous, mwenye miaka 65, akauawa Beho Beho, na kila mtu anajua kaburi lake kwa sababu mbuga nzima ilipewa jina lake. Smuts akaenda zake London mwezi huo huo, kazi akiiona kama imekwisha. Lettow alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, Abercorn, siku kumi na nne baada ya Ulaya kuacha kupigana.

Na katikati ya hayo kuna wapagazi. Waingereza peke yao waliandikisha watu wanaokaribia milioni moja katika vita vyote, wengi kwa kukamatwa, na waliokufa hukadiriwa kufikia laki moja hivi, kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps; Kiswahili kikalifanya jina hilo Kariakoo, na leo tunakwenda kununua viatu hapo. Geoffrey Hodges aliwaandikia kitabu mwaka 1986, lakini hasa wale wa Kenya. Michelle Moyd, mwaka 2014, aliandika juu ya askari wa Mjerumani na wake zao na watoto waliotembea na msafara. Nilipomsoma huyu ndipo nilipoacha kudhani kwamba kijeshi ni mambo ya mizinga. Kule Ugogo njaa iliyofuata vita ina jina lake hadi leo, Mtunya. Jeshi linalokaa mahali linakula, na linakula cha mtu.

Hilo la kula ndilo lililokuwa la Mwalimu. Kwao ni upande wa Matombo. Bibi yake alikuwa mama mtu mzima mwaka ule wa 1916, na alimsimulia Mwalimu akiwa mtoto. Mwalimu alikuwa anayaandika kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi. Tulimwomba atusomee. "Bado," alikuwa akisema, "sijapanga tarehe." Mwalimu wa historia, unaelewa. Alitaka kwanza alinganishe maneno ya bibi na tarehe za Hordern, kisha Hordern akawa anaishia pale pale ambapo bibi alikuwa anaanza.

Alifariki mwaka 2021. Tulizika, tukachanga, na niliona haya kuulizia vitabu kabla ya arobaini. Ningefikaje kwa wafiwa na swali la karatasi? Nilipokwenda, chumba kilikuwa kimeshapigwa rangi na kupata mpangaji. Watoto wake ni watu wema, walinikaribisha chai. Vitabu, wakasema, alichukua kijana anayenunua karatasi kwa kilo.

Tulimsaka yule kijana wiki nzima, mimi na dereva, Afande naye akapita kwa wauza karanga mmoja mmoja. Tulipata viwili. Kimoja ni changu, kilichokuwa rehani. Cha pili ni Lettow-Vorbeck wa 1920, bila jalada na bila kurasa za mwisho. Kaunta buku hatukuliona.

Mwalimu alisoma akiwa na penseli. Kwenye sura za Uluguru ameandika pembeni karibu kila ukurasa, herufi ndogo za ubaoni. Mahali kamanda anapozungumzia chakula cha jeshi lake Kisaki, pembeni kuna maneno mawili: "Mahindi ya nani?" Ukurasa unaofuata: "Bibi asema walificha pangoni." Chini yake jina la kijiji, na mshale unaoelekea nje ya ukurasa.

Dereva anakijua kijiji. Anasema kuna wazee pale wanaoongea, na pango analisikia sikia. Tulipanga kwenda Machi, mvua ikakata barabara baada ya Mvuha, magari yakageuzia Matombo. Tumesema tusubiri masika yaishe. Nimeshanunua kaunta buku.