Soksi ya Mkono: Kutoka Riziki Hadi Zawadi

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio

Ninyi mlio darasani, fungueni ukurasa huu mfuate maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Nawe unayesoma peke yako nyumbani, soma polepole. Neno likikushinda, liruke, umalize sentensi, kisha ulirudie.

Kabla ya kuanza, tazameni maneno haya manne:

Sufu: manyoya ya kondoo yanayosokotwa kuwa uzi.
Kitanzi: uzi uliopindwa ukaacha nafasi katikati.
Kufuma: kuvuta kitanzi ndani ya kitanzi kwa sindano ndefu mpaka nguo itokee.
Riziki: chakula, au kazi inayompatia mtu chakula chake.

Basi, tuanze. Mara nyingi historia hutueleza habari za wafalme na vita. Leo tutazame kitu kidogo kinachovaliwa mguuni na kufichwa ndani ya kiatu, yaani soksi. Huenda ukacheka. Lakini soksi imelisha watoto wengi, na iliwahi kufanya Serikali itunge sheria ya kunyonga watu. Tena soksi inatufundisha jambo moja kubwa. Mashine inapokuja na kufanya kazi ya mkono kwa upesi zaidi, mkono hubaki na nini? Shikeni swali hilo. Tutalijibu mwishoni.

1. Soksi ya mtoto wa Misri

Katika jumba moja la makumbusho huko London, liitwalo Victoria and Albert, kuna soksi mbili nyekundu za sufu. Zilitoka katika mji wa kale wa Oxyrhynchus, nchini Misri, nazo zilitengenezwa kati ya miaka 250 na 420 hivi baada ya kuzaliwa Kristo. Soksi hizo zimegawanyika mbele: kidole gumba kina nafasi yake, na vidole vingine vinne vina nafasi yao. Kwa nini? Wewe uliyevaa makubazi umekwisha jua. Ukanda wa kiatu hupita kati ya vidole, na soksi isiyogawanyika ingeuzuia.

Katika makumbusho nyingine ya London, British Museum, iko soksi moja ndogo ya mtoto, ya mguu wa kushoto. Nayo ni ya Misri, kutoka mji wa Antinoopolis, ya zamani kiasi hicho hicho. Ina mistari ya rangi mbalimbali. Mwaka 2018 wataalamu waliipiga picha za namna ya pekee bila kuikata, wakagundua kwamba rangi zake zilitoka katika mimea mitatu. Mmoja ulitoa nyekundu, wa pili buluu, na wa tatu manjano. Kwa kuzichanganya, mtengenezaji alipata rangi nyingine zaidi.

Fikirini kidogo. Mguu wa mtoto unapopata baridi, unahitaji joto. Hauhitaji mistari. Soksi ya rangi moja ingetosha, na kazi ingekwisha mapema. Aliyeishona alitaka ipendeze pia. Hatujui jina lake, lakini kazi ya mkono wake tunaiona hata leo.

Soksi hizi bado hazikuwa za kufuma kama tujuavyo sasa. Zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu na vipande vifupi vya uzi, vikifungamana kitanzi kwa kitanzi. Kazi hiyo ilikwenda polepole sana.

2. Herufi ndani ya uzi

Kufuma kwenyewe, kwa sindano ndefu na uzi mrefu usiokatwa, kulitokea baadaye. Vipande vya zamani tunavyovijua vilipatikana Misri pia, navyo ni vya kati ya miaka 1000 na 1400 hivi. Vingi ni vya pamba, buluu na nyeupe. Baadhi ya soksi hizo zina mapambo yenye umbo la herufi za Kiarabu.

Ufundi huo ulifika Hispania, ambako Waislamu na Wakristo waliishi jirani kwa karne nyingi. Mwaka 1275 alifariki mtoto wa mfalme aliyeitwa Fernando de la Cerda. Katika kaburi lake, kwenye monasteri ya Las Huelgas karibu na mji wa Burgos, ulikutwa mto uliofumwa kwa hariri, vitanzi vyake vidogo mno. Pembeni mwa mto huo limefumwa neno moja la Kiarabu, tena na tena. Neno hilo ni baraka.

Ndiyo, ni baraka ileile tunayoitamka sisi kila siku, kwa kuwa Kiswahili kililipata neno hili kutoka Kiarabu. Mkristo alizikwa Hispania amelalia mto wenye neno la Kiarabu, nasi leo tunalifahamu bila kufasiriwa.

Ninyi mnaojifunza kuandika, liangalieni jambo hili vizuri. Ili kufuma herufi, ni lazima kuhesabu. Vitanzi vitatu vya buluu, viwili vyeupe, kimoja cha buluu. Ukikosea kimoja, herufi inapinda. Wafumaji wengi wa zamani hawakwenda shule, lakini vidole vyao vilihesabu bila kuchoka.

3. Soksi ikawa riziki

Sasa twende Uingereza, katika karne ya 16. Wakati huo soksi ndefu za kufumwa zilivaliwa na wanaume na wanawake, matajiri na maskini. Imeandikwa katika habari za zamani kwamba karibu mwaka 1560 Malkia Elizabeth wa Kwanza aliletewa zawadi ya mwaka mpya: soksi nyeusi za hariri zilizofumwa kwa mkono. Alizipenda sana.

Lakini kwa watu wa vijijini soksi ilikuwa riziki. Katika bonde la Dent, kaskazini mwa Uingereza, wanaume, wanawake na watoto walifuma. Walifuma wakitembea njiani, na wakichunga mifugo. Usiku wa baridi majirani walikusanyika katika nyumba moja, ili moto mmoja na taa moja viwatoshe wote, nao wakaendelea kufuma huku wakipiga hadithi. Haba na haba hujaza kibaba. Kila soksi ilikuwa unga na mkate.

Mwaka 1589 mtu mmoja aitwaye William Lee, wa kijiji cha Calverton, alibuni mashine ya kufuma soksi. Mkono hufuma kitanzi kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu. Mashine ya Lee ilikuwa na ndoano nyingi zilizopangwa kwa mstari, nayo ilifuma mstari mzima kwa mara moja. Husimuliwa kwamba Malkia alikataa kumpa Lee hati ya kuilinda kazi yake, kwa sababu alihofu kuwa maskini wanaofuma kwa mkono wangekosa riziki. Lee akahamia Ufaransa, mji wa Rouen. Huko nako mfalme aliyemtegemea aliuawa mwaka 1610, na Lee akafa bila kuona faida. Nduguye ndiye aliyezirudisha mashine Uingereza.

Hofu ya watu haikuwa bure. Mashine ziliongezeka, na mwanzoni mwa karne ya 19 zilikuwa zaidi ya 25,000. Wafumaji wa mkono wakashindwa kidogo kidogo. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Hata watu waliofanya kazi kwa mashine hizo waliteseka. Mashine nyingi hazikuwa zao. Walizikodi kwa matajiri na kuziweka nyumbani. Baba alifuma, mama alishona mshono, watoto walisaidia. Biashara ilipoharibika, malipo yalishuka lakini kodi ya mashine haikushuka. Tena baadhi ya matajiri walifuma kitambaa kipana, wakakikata na kukishona kuwa soksi za bei ndogo. Soksi hizo zilifumuka upesi, na sifa ya kazi ikachafuka.

Mwaka 1811, katika nchi ya Nottingham, watu walianza kuvunja mashine usiku. Hawakuvunja kila mashine. Wengi waliokusudiwa walikuwa matajiri waliolipa kidogo au kutengeneza soksi mbovu. Serikali ilipeleka askari. Tarehe 27 Februari 1812, mshairi Lord Byron alisimama katika Baraza la Malodi akawatetea watu hao, akisema kwamba umaskini ndio uliowasukuma. Hakusikilizwa. Mwaka huohuo sheria ikapitishwa: mvunja mashine aweza kunyongwa.

Hayo yote ni habari za soksi.

4. Mkono haukuacha kufuma

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo watu wangetupa sindano zao. Haikuwa hivyo. Penye baridi kali watu waliendelea kufuma soksi, na glavu za kuvaa mikononi, maana ufundi ni uleule. Kilichobadilika ni sababu ya kufuma. Zamani wengi walifuma ili wauze. Sasa wengi walifuma ili wampe mtu.

Mwaka 1857, katika wilaya ya Selbu nchini Norwei, msichana aitwaye Marit Guldseth alifuma glavu kwa nyuzi za rangi mbili, zenye ua la petali nane. Yeye na ndugu zake wakazivaa kanisani. Watu walizitazama, wakaziiga, na leo ua hilo hujulikana duniani kama alama ya Norwei.

Huko Latvia, msichana alifuma glavu miaka mingi kabla ya kuolewa, akajaza sanduku zima. Siku ya harusi aliwagawia jamaa za bwana arusi. Kwa kuziona, wakwe walijua bidii yake. Desturi hiyo haikusahauliwa. Mwezi wa Novemba 2006, wakuu wa nchi za NATO walipokutana Riga, wageni waliandaliwa zawadi ya glavu zilizofumwa kwa mkono, jozi 4,500.

Katika mji mdogo wa Sanquhar, Uskoti, wafumaji hutia herufi za kwanza za jina la mvaaji kwenye kifundo cha glavu. Glavu hiyo haiwezi kuwa ya mtu mwingine. Mashine iliweza kufuma soksi elfu moja zinazofanana. Mkono ulifuma moja ya mtu mmoja.

5. Kima wa soksi

Sasa nitawapa kisa cha kuchekesha kutoka Marekani. Katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois, kampuni ya Nelson ilifuma kwa mashine soksi nene za wafanyakazi. Mwaka 1932 kampuni ikaanza kuzitia kisigino chekundu, ili mnunuzi asidanganywe na soksi za wengine.

Miaka ile ilikuwa ya dhiki kubwa. Kazi zilikuwa chache, na wazazi wengi hawakuwa na fedha za kuwanunulia watoto vitu vya kuchezea. Akina mama wakazitazama soksi zilizochakaa. Wakakata, wakashona, wakajaza matambara ndani, na mara akatokea kima! Soksi moja ilitoa mwili na miguu, na kisigino chake kikawa makalio mekundu. Soksi ya pili ilitoa mikono, mkia na masikio, na kisigino chake kikawa mdomo mwekundu unaocheka.

Kampuni haikuwa imefikiria jambo hilo kamwe. Lakini kima alipendwa mno, hata mwaka 1955 kampuni ilipata hati ya haki ya umbo la kima huyo, ikawa inatia maelezo ya kumshona ndani ya soksi zake. Basi mnaona: mashine iliichukua soksi mkononi mwa mwanadamu, na mkono wa mama ukaichukua tena kutoka kwa mashine.

6. Jibu la swali letu

Tuliuliza, mkono hubaki na nini? Tusijidanganye kwamba hakuna kilichopotea. Watu wa Dent walipoteza riziki, na wafumaji wa Nottingham walipata njaa. Mtu mwenye njaa hafarijiwi kwa kuambiwa kwamba kazi yake ni nzuri. Mashine inapokuja, ni haki kuuliza: faida yake ni ya nani, na hasara inabebwa na nani?

Lakini kuna kitu kimoja ambacho mashine haikukichukua. Mashine haimjui mtu itakayemvika. Mfumaji anaujua mguu anaoufumia, na anajua rangi ipi itamfurahisha mwenye mguu huo. Hata sisi tunalifahamu hili. Mke anayemshonea mumewe kofia ya viua hushona tundu moja moja kwa siku nyingi, ingawa kofia za mashine zimejaa dukani kwa bei ndogo. Mume akiivaa msikitini au harusini, amevaa kofia, na amevaa zile siku pia.

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yule mama aliyeshona kima kwa soksi mbovu hakuwa tajiri.

Haya ndiyo mwisho wa somo letu. Kwaherini, na someni vizuri.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini soksi za kale za Misri ziligawanywa mbele?
2. Watu wa Nottingham walivunja mashine za matajiri wa namna gani? Wewe waonaje, walikuwa na haki?
3. Ni kazi gani ya mkono katika mtaa wako iliyochukuliwa na mashine? Wazee waliishije kwa kazi hiyo?
4. Andika sentensi tatu juu ya zawadi ya mkono uliyopewa au uliyompa mtu. Taja ilitengenezwa kwa kitu gani, na ilichukua siku ngapi.